Iglu ina tundu, keja yako je?

Umewahi kuona picha ya iglu, ile nyumba ya duara ya theluji, ukajiuliza msee analalaje ndani ya barafu? Sasa mleteni mtu wa kule alale kwenye keja ya mabati Gatwekera au Kawangware, Julai, saa tisa usiku. Atatuuliza swali hilo hilo.

Jibu ni kwamba watu hujenga kwa kile walicho nacho. Wainuit wa kaskazini mwa Kanada walipokuwa safarini kuwinda, mahali pasipo na mti hata mmoja, walikuwa na theluji tu. Lakini theluji iliyoshindiliwa na upepo imejaa vijipovu vya hewa, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoroke, kama blanketi. Mlango uliwekwa chini na kitanda juu, kwa sababu hewa yenye joto hupanda.

Sisi tuna udongo na mabati, na huo si ujinga. Nani atajenga kwa mawe kwenye ardhi asiyo na hati yake? Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walibaki nje kwenye baridi. Bati angalau unaling'oa, unabeba, unaanza upya kwingine.

Shida ni kwamba bati halizuii joto wala baridi. Mchana unachomeka, usiku unatetemeka. Ndiyo maana mathe anabandika katoni ukutani na kutundika pazia juu yake. Anatega hewa katikati. Hiyo ni hesabu ile ile ya iglu, na hakuna aliyemfundisha.

Lakini kuna kitu Wainuit hawakusahau, na sisi tunasahau kila mwaka. Juu ya iglu waliacha tundu. Ndani kulikuwa na taa ya mafuta na watu wanapumua, kwa hivyo hewa chafu ilihitaji pa kutokea.

Sisi tukisikia baridi tunaziba kila ufa kwa gunia, tunaingiza jiko la makaa, tunalala. Tunasema makaa yameshashika vizuri, hayana moshi tena. Hapo ndipo tunapojidanganya. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiwa macho utaumwa na kichwa, utasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Ukiwa usingizini huenda usisikie chochote. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliolala na jiko na hawakuamka. Tunaandika "poleni", tunasonga.

Wewe mwenye ploti, kodi unaichukua kila mwezi bila kukosa. Weka dari na dirisha linalofunguka, hata kama kuta ni za bati. Serikali nayo ikitaka watu wajenge vizuri, iwape kwanza uhakika kwamba hawatabomolewa kesho.

Lakini baridi haitangoja hao wote. Washa jiko nje, pika, na kabla ya kulala litoe nje hata kama bado lina moto. Katoni bandika, blanketi ongeza. Na leo jioni, kabla hujafunga mlango, angalia pale ukuta unapokutana na paa. Kama hakuna tundu, toboa.