Usihesabu Majengo Peke Yake

Mtahiniwa akiulizwa kama jamii yake inajali afya ya wakazi wake, mara nyingi huanza kuhesabu: zahanati moja, maduka mawili ya dawa, basi, jamii inajali. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo.

Majengo yana umuhimu wake. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na lengo lilikuwa zuri. Lakini mfikirie mama mjamzito anayeshikwa na uchungu saa nane usiku. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Aina mbili za kwanza hutokea kabla mama hajamwona muuguzi. Nyumbani, nani mwenye kauli ya kusema "twende"? Kama ni mume, naye yuko safarini, je, mama mkwe anaweza kuamua? Pikipiki ya nani itambeba, na nauli itatoka wapi? Hayo daktari hawezi kuyajibu, majirani wanaweza. Kijiji chenye mfuko mdogo wa dharura na dereva wa bodaboda anayepokea simu usiku, kwangu mimi, kinaishinda kata yenye jengo jipya ambalo usiku halina mtu.

Babu na bibi zetu walilijua hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. (Na hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi!)

Wapo watakaosema naipunguzia serikali mzigo. Hapana. Dawa, wauguzi na gari la wagonjwa ni wajibu wake, na katika Azimio la Abuja la mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Ahadi hiyo tuidai. Ila madai hayatamfikisha mama hospitalini usiku wa leo.

Kwa hiyo, kabla hujaandika jibu lako, kamuulize balozi wa nyumba kumi au jirani yeyote mtu mzima: mama wa mwisho kujifungua usiku hapa kwetu alipelekwa na nani, na nani alilipa?