Ulisafirishwa na Nani?

Mwalimu mstaafu wa Mbulu akipata nauli hutamani kwenda pwani kupunga upepo. Nami nilikwenda Bagamoyo, Jumamosi na Jumapili, na mjukuu wangu wa darasa la sita. Tuliona bahari, tukanunua pweza (yeye alikula, mimi nilitazama), kisha tukaenda Misheni ya Kikatoliki penye mnara wa kanisa la zamani. Hapo uliwekwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza.

Watalii walipiga picha. Kijana mmoja aliwaeleza kwamba mwili ule "ulisafirishwa" kutoka bara. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Babu, ulisafirishwa kwa gari gani?"

Sikucheka. Miaka zaidi ya thelathini nimefundisha sentensi hiyohiyo, tena katika chuo cha ualimu, kwa watu waliokwenda kuifundisha kwa wengine. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na hapa imeficha watu wapatao sitini.

Uzito wa mtu naujua kidogo. Ujanani tulibeba wagonjwa kwa machela kwenda hospitali ya Haydom, wanne wanne tukipokezana, na nusu siku ilitosha kutuchubua mabega. Hawa walitoka kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wakatembea kwa miezi hadi baharini.

Wakitajwa, huitwa watumishi waaminifu. Nalipinga neno hilo. Mtumishi hutii amri. Hapa bwana alikuwa amekufa tangu 1 Mei 1873, wala hapakuwa na wa kuwaamuru. Susi, Chuma na wenzao, akiwemo Halima mpishi, walikaa shauri wenyewe. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Cameron, afisa wa Kiingereza, akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Fikiri, msomaji: wapagazi wanamkatalia afisa wa Kiingereza juu ya maiti ya Mwingereza! Mbele zaidi, wenyeji walipopinga maiti kupita, waliifunga upya ikafanana na robota la nguo, wakapita. Watu wa namna hiyo kuwaita waaminifu tu ni kuwapunja akili zao, na sisi walimu tumewapunja mbele ya watoto wao wenyewe.

Wala tusijitetee kwamba habari hizi hazikujulikana. Zilichapwa London mwaka 1874, kutokana na maelezo ya Susi na Chuma. Tulizisoma vyuoni, tukachagua kumkariri aliyebebwa. Hata mtihani tuliutunga hivyo. Mimi mwenyewe niliutunga.

Alipozikwa Westminster Abbey, 18 Aprili 1874, katika msafara wote ule alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Jioni, ufukweni, nilimjibu mjukuu wangu kwamba hapakuwa na gari. Nilimtajia majina niliyoyajua, nayo ni machache. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, Mei, Juni, Julai, mpaka Februari, na vidole vyote kumi vikaisha.