Sigara: Marufuku au hiari? Vibanda vya Itumbe vina la kusema

SHERIA ya Kudhibiti Tumbaku, iliyotiwa saini na Rais Mwai Kibaki mwaka 2007, ilipiga marufuku uuzaji wa sigara katika pakiti yenye chini ya sigara 10. Karibu miongo miwili baadaye, mnunuzi anayefika kwenye vibanda vya barabarani sehemu za Itumbe, Kaunti ya Kisii, ni nadra kuulizwa iwapo anataka pakiti. Hupewa sigara moja, na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba dirishani humwashia.

Ni biashara ya sarafu chache. Hata hivyo, hapo ndipo pafaapo kutazamwa kwanza kila unapozuka mjadala wa iwapo uvutaji wa sigara upigwe marufuku kabisa au uachiwe hiari ya mtu. Mjadala huo aghalabu huendeshwa kana kwamba Wakenya wana njia mbili tu za kuchagua, ilhali ile ya tatu imo kwenye vitabu vya sheria tangu 2007 na haijafuatwa ipasavyo.

Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni saba kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji bali waliuvuta moshi wa wenzao. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watu wazima milioni 2.5, yaani asilimia 11.6, walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine, ugoro ukiwemo. Miongoni mwa wanaume, wavutaji walikuwa asilimia 15.1, miongoni mwa wanawake hawakufika hata asilimia moja. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi anayevuta ni baba, na wanaovutishwa ni mama na watoto.

Lakini eneo la Gusii lina kumbukumbu yake kuhusu marufuku. Chang'aa iliharamishwa kwa sheria mahususi mwaka 1980. Kwa miaka 30 polisi na machifu walimwaga mitungi, wakakamata wapishi, wengi wao wanawake waliokuwa wakitafuta karo ya watoto, na chang'aa ikaendelea kuchemka. Bunge lilipoifuta sheria hiyo mwaka 2010 na kuleta Sheria ya Kudhibiti Vileo, lilikuwa limekiri jambo ambalo kila mwanakijiji alilijua. Bangi nayo imeharamishwa, na hakuna anayedai kuwa imeadimika.

Ng'ambo mambo hayakuwa tofauti. Bhutan ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004, ikaongeza adhabu mwaka 2010, na mwaka 2021 ikalegeza kamba baada ya magendo kutoka India kuishinda nguvu. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa sigara kati ya Machi na Agosti 2020 wakati wa janga la Covid-19. Wavutaji wengi waliendelea kuvuta. Kilichobadilika ni bei na muuzaji, na serikali ikakosa ushuru. Barabara itokayo Kisii hupitia Migori hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Mwenye kuamini kwamba sigara iliyoharamishwa haitapita humo hajawahi kuisafiri usiku.

Je, basi iachiwe hiari? Hoja hii nayo ina mvuto wake, hasa mashambani. Mkulima aliyepeleka majani yake katika kiwanda cha chai cha Itumbe mwaka mzima, akapokea bonasi yake na kuamua kununua sigara, ametumia jasho lake mwenyewe. Nani amzuie?

Ugumu ni kwamba hiari huhitaji mambo mawili: utu uzima na ufahamu. Wengi wa wavutaji duniani walianza kabla ya kutimiza miaka 20, na nikotini ikishamkamata mtu, neno hiari huwa limepungua uzito. Kuhusu ufahamu, kibanda kinarudi tena katika hesabu. Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za mwaka 2014 ziliagiza pakiti zichapishwe picha za kutisha za madhara ya tumbaku. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliitupilia mbali rufaa yake Novemba 2019. Ushindi huo wa serikali ulichukua miaka na gharama nyingi. Anayenunua sigara moja haioni picha hiyo. Pakiti imebaki kwa mwenye kibanda.

Tena mtoto wa shule hana fedha za kununua pakiti, lakini sigara moja anaimudu. Ushuru, ambao ndiyo silaha ambayo wataalamu wa afya huitegemea zaidi, hupoteza makali bei inapogawanywa vipande vipande. Mwishoni mwa 2024 ushuru wa sigara uliwekwa Sh4,100 kwa kila sigara 1,000. Kwa mwenye kununua moja, hiyo ni shilingi nne na senti kumi, kiasi ambacho hakimfanyi asite.

Kwa hiyo wanaotetea hiari wangekuwa wa kwanza kudai sigara moja moja ikomeshwe, kwa kuwa ndiyo inayomnyima mnunuzi taarifa za kuchagulia. Hawafanyi hivyo, na hilo linazua shaka kuhusu ni hiari ya nani inayotetewa.

Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa. Inakataza kuvuta katika masoko, viwanda, migahawa na magari ya uchukuzi, na mkosaji anaweza kutozwa faini hadi Sh50,000 au kufungwa miezi sita. Adhabu hizo husikika zaidi Nairobi. Mashambani hakuna hakimu atakayefurahia kumfunga mama muuza nyanya kwa sababu ya sigara tatu, na pengine hapaswi.

Kinachowezekana kiko karibu zaidi. Huduma za afya zilihamishiwa kaunti mwaka 2013, na kaunti ndizo zinazotoa leseni za biashara. Kibanda kinachouza tumbaku kinaweza kudaiwa leseni ya peke yake, ya gharama kidogo, ambayo hufutwa mwenye nacho akipatikana anauza moja moja au akimuuzia mtoto. Anayepoteza leseni bado atauza sukari na sabuni. Hafungwi, wala watoto wake hawalali njaa. Afisa wa afya ya umma wa wadi, ambaye tayari huzuru vibanda hivyo kukagua usafi, angekuwa na jambo moja zaidi la kutazama: ile kamba ya kiberiti dirishani.