Mume na Mke Wapelelezi Waingie Darasani

Wapo walimu wenzetu wanaoiona hadithi ya upelelezi iliyochorwa kwa picha kuwa ni takataka ya kumpokonya mwanafunzi. Sisi twapinga, hasa tukiwafikiria wanafunzi wa Kasese na Bwera.

Twakiri kwamba mashujaa wengi wa picha hawafundishi lugha. Lance Spearman wa gazeti la *African Film*, aliyesomwa kwa pupa katika miaka ya 1960 na 1970, alinena Kiingereza, na mengi aliyamaliza kwa ngumi. Sonia alikuwa msaidizi tu. Wamarekani nao walimwoza Storm, binti wa mama Mkenya, kwa Black Panther mwaka 2006, wakaivunja ndoa hiyo mwaka 2012 kwa sababu ya vita vya mashujaa. (Radi haziamui ugomvi wa nyumbani!) Hata Bwana Msa wetu, aliyetufikia kitabuni mwaka 1960, mwandani wake ni Najum, mke hayumo.

Twataka mume na mke wanaochunguza mauaji pamoja, kwa sababu wawili hao hawana budi kusemezana. Nani alimwona marehemu mwisho? Kama angalipita Mpondwe, wachuuzi wasingalimwona? Hapo sarufi yafundishika bila kiboko.

Na liko jambo kubwa zaidi. Mtoto wa Bwera huzungumza Lukonzo nyumbani, na Kiswahili hukikuta mpakani, watu wa Kasindi wakipatana bei. Wazee wengi wakiikumbuka amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa, huisikia sauti ya askari. Katiba ilipokifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 haikuifuta sauti hiyo. Mke amwambiaye mumewe, "Hapo umekosea, bwana, tazama tena," aweza kuifuta.

Tutaulizwa: mwathubutuje kusimulia mauaji karibu na Mpondwe, ambako mwezi Juni 2023 wanafunzi wa shule ya Lhubiriha waliuawa usiku bwenini mwao? Swali ni zito. Damu isichorwe, na msiba ule usiguswe. Lakini hadithi ya upelelezi haikubali mtu afe kisha pasiwe na wa kuuliza, na watoto wale wanastahili kulisikia jambo hilo likisemwa.

Basi mwalimu na aanze na kurasa nne tu, zilizochorwa kwa mkono. Jina la mwuaji aliache wazi, wanafunzi walibishanie kwa Kiswahili.