Mbwa Wako Hana Wazimu, Wewe Ndiye Huna Ratiba

Saa moja jioni, kila siku. Ugali uko karibu kuiva, nje kuna ile baridi ya Kesses ya kuingia mpaka kwa mifupa. Mursik ananyanyua kichwa, macho yanamtoka, masikio yanalala nyuma, na sarakasi inaanza. Mlango hadi kitanda, kitanda hadi mlango, anapita chini ya meza na chaja ya simu mdomoni. Wasee, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Mursik angepewa barabara, mimi ningeweka pesa kwake.

Mursik ni mtoto wa mbwa wa miezi minne. Jina ni kwa sababu ni mweupe mwenye vidoti vya kijivu, kama maziwa ya mursik yakishakolea mkaa. Tunaishi wawili kwa chumba kimoja cha ploti, na tangu niache chuo mwaka wa pili, hapo ndipo nyumbani na ndipo ofisi.

Sasa wacha nikiri kitu. Wiki ya pili nilimpiga. Alikuwa ametafuna waya wa chaja, na bila simu mimi sina kazi, nikashika ndara nikamchapa. Akajikojolea palepale. Kesho yake niliinama kuchukua ndara zilezile nivae tu niende dukani, akakimbilia chini ya kitanda. Na unajua nini? Jioni mzuka ulirudi vilevile. Kilichoisha ni yeye kuja nikimwita.

Wakati huo mwenye ploti alikuwa ameshaongea: kelele ziishe kabla ya mwisho wa mwezi, ama mbwa aende. Nikaanza kuuliza watu, na karibu kila mtu akanipa jibu moja. Mfunge mchana kutwa, mbwa asiyefungwa hawezi kuwa mkali. Mchape, atazoea.

Hapo ndipo mimi nakataa. Ukifunga kitoto kwa mnyororo tangu asubuhi, nguvu zake haziendi popote. Zinangoja. Ukimfungulia jioni anazitoa zote mara moja, halafu unasema ana wazimu. Na kuchapa? Mimi nilikuwa ule mtoto wa kupigishwa magoti mbele ya darasa kwa kutotulia. Hakuna kiboko kilichonifundisha kutulia. Kilinifundisha kuangalia mwalimu ako wapi. Zaidi ya hayo, Kenya kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumpiga mnyama kikatili ni kosa. Si mambo ya Wazungu.

Ukweli ni kwamba huo mzuka ni kitu cha kawaida kwa mbwa, hasa wadogo. Unakuja jioni, baada ya kuoga, baada ya kwenda haja, ama baada ya kufungiwa muda mrefu. Mara nyingi unaisha wenyewe kwa dakika chache. Lakini kuna sababu moja iliniacha mdomo wazi: uchovu. Mtoto wa mbwa anaweza kulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Asipolala hivyo hapoi, anachemka, kama mtoto mdogo aliyekosa usingizi wa mchana. Hata wakimbiaji wa huku kwetu wakitoka mazoezi ya asubuhi, wanarudi kulala. Sasa fikiria Mursik: mchana kutwa namrekodi video, marafiki wanaingia, kila mtu anataka kumbeba. Hakuwa na nguvu nyingi. Alikuwa hajalala. Na aliyemnyima usingizi ni mimi.

Kwa hivyo nikabadilisha ratiba, si mbwa.

Kwanza, usingizi. Katoni kubwa, sweta langu kuukuu, pembeni mwa chumba. Akiwa macho karibu saa moja, anarudishwa hapo. Akilala, haguswi, hata kama video ingekuwa tamu aje.

Pili, saa kumi na moja jioni tunatoka, kabla mzuka haujafika. Alikuwa ameshamaliza chanjo za mwanzo, hilo ni lazima kwanza. Simkimbizi. Namwacha anuse kila jani, halafu natawanya chakula chake kidogo kwa nyasi akitafute. Kunusa kunamchosha vizuri kuliko kukimbia.

Tatu, meno. Ana meno 28 ya utoto, na umri wake ndio yanaanza kung'oka, fizi zinawasha. Nafunga fundo kwa kitambaa kigumu, nakilowesha maji baridi, na namtazama akikitafuna. Chaja sasa zinakaa juu ya kabati.

Nne, mzuka ukianza, simfukuzi wala sipigi kelele. Ukimkimbiza, kwake ni mchezo na umekubali kucheza. Naondoa sufuria ya moto njiani, nimetandika kapeti asiteleze kwa simenti, halafu nageuka naenda upande mwingine. Kwa kawaida ananifuata. Akitulia, hapo ndipo anapata sifa na kipande cha ugali.

Lakini usichanganye mzuka na ugonjwa. Mbwa akizunguka bila kukoma, akianguka, akitetemeka, akitoa mate mengi ama akibadilika tabia ghafla, kaa mbali na uite daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza akifika miezi mitatu. Na ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Je, mzuka umeisha? Hapana, nisiwadanganye. Bado unakuja, ila umepungua, ni kama dakika tatu halafu analala kama gunia. Mwisho wa mwezi ulipita na hakuna aliyetugongea mlango. Ndara bado anaziogopa. Hiyo sijafaulu kuifuta, na naiona kila asubuhi nikivaa viatu.

Ndiyo maana naandika hii. Hapa Kesses nimeona makomredi wakichukua vijibwa mwanzo wa semista kwa sababu ni vitamu kwa picha. Semista ikiisha, mwenyewe anapanda matatu, kijibwa kinabaki getini kikingoja. Ati alikuwa msumbufu. Buda, alikuwa mtoto.

Kama huwezi kumpa usingizi, matembezi na miezi kadhaa ya uvumilivu, usimchukue. Penda tu picha zake. Lakini kama tayari ako kwako na saa hii anazunguka meza kama pikipiki, weka hiyo ndara chini. Hesabu dakika tatu. Halafu jiulize leo amelala saa ngapi.