Anayekaa Peke Yake Si Ndoki



Likizo ya Pasaka tulipiga kambi karibu na msitu wa Masako, kilomita kama 14 toka mjini, kwa barabara ya zamani ya Buta. Siku ya pili mwenzetu mmoja aliomba kusimamisha hema lake mbali na ya wengine. Tukacheka. Tuliporudi, neno likamfuata mpaka dortuari: "Ule ni ndoki. Juu ya nini analala peke yake na pori?" Sasa hakuna anayetaka kitanda karibu naye.

Neno hilo si mchezo. Ninyi wote munajua watoto wa Kisangani wanaolala sokoni kwa sababu watu wa nyumbani waliwaita vile.

Katika Maandiko watu wanaenda jangwani peke yao: Eliya, na Bwana Yesu siku 40. Tunafundishwa habari hizo, tunazipenda. Mfaransa Théodore Monod (1902–2000), mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, alizunguka Sahara miaka mingi na ngamia, akitafuta mawe na majani. Hatujasikia kama walimwita mchawi. Sisi hatuna jangwa, tuko na pori. Basi juu ya nini jangwa liwe la watakatifu na pori liwe la wandoki?

Mwezi uliopita tukaomba ruhusa, tukarudi pale pale. Mwalimu mmoja alilala kwenye kijiji kando ya barabara, na sisi tukawa na filimbi shingoni, maana siafu na matawi yanayoanguka hayachekeshi. (Tunasema "sisi" kwa desturi ya gazeti. Ndani ya hema kulikuwa mtu mmoja tu.)

Saa kumi na mbili na nusu hivi giza likaingia, kama mtu amezima taa. Tulikula kwanga na samaki mkavu, bila kusikia utamu. Mwalimu wa jiografia anasema kwamba katika jangwa kama Chalbi, kaskazini mwa Kenya, anayepiga hema jioni anaona nyota pande zote, na baridi inashuka upesi sababu hewa kavu haishiki joto. Kwetu ni kinyume. Mbele ya hema huoni hatua tatu, na joto linabaki nawe ndani. Kila jani likianguka, ni mtu anakuja! Halafu pelele akalia juu ya mti. Ni mnyama mdogo tu, kama sungura, lakini kilio chake, ndugu, acheni. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni.

Baadaye woga ukachoka. Dortuarini tuko wengi, kelele toka asubuhi mpaka taa kuzimwa, na mwaka huu wafinalisti wanakariri mpaka usingizini. Pale hakuna aliyetuita. Tukakumbuka barua ya mama ambayo hatujaijibu. Tukakumbuka pia nani alitamka lile neno "ndoki" wa kwanza, kule kambini, ili wengine wacheke. Ni sisi, kapita wenu.

Tumekwisha kumwomba mwenzetu msamaha mbele ya dortuari. Kitanda chetu sasa kiko karibu na chake. Kwa kambi ijayo tunamwomba Bwana Prefe aruhusu hema moja liwekwe mbali, mwalimu akijua mahali. Anayelitaka jioni moja aje aandike jina kwetu, dortuari ya pili.