Tusishindane kwa Ukubwa wa Ndama

Hapa Ipogolo, na kote mkoani Iringa, wengi wetu tunapenda dume mkubwa. Tunasema, "Dume mkubwa huzaa ndama mkubwa, na ndama mkubwa ni fedha." Mimi naona maneno hayo ni nusu ya kweli. Kabla ndama hajawa fedha, lazima azaliwe salama.

Tufanye hesabu. Ndama wa ng'ombe wetu wa asili huzaliwa na uzito wa kilo 20 hivi. Ndama wa Charolais, ng'ombe wa nyama kutoka Ufaransa, mara nyingi hufika kilo 40 au zaidi. Ukimpandisha mtamba mdogo wa asili kwa dume wa aina hiyo, ndama chotara anaweza kuwa mkubwa kuliko njia ya kutokea. Mtamba atahangaika usiku kucha. Ndama anaweza kufa. Mama naye anaweza kufa, au kushindwa kusimama, au kuchelewa kushika mimba nyingine. Hapo faida iko wapi?

Kwa hiyo nashauri hivi:

Kwanza, tusipandishe mtamba mapema. Afikishe kwanza theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake.

Pili, kwa uzazi wa kwanza tuchague dume ambaye ndama wake huzaliwa wadogo. Boran anafaa. Hata ukitumia mbegu za uhimilishaji, usiulize nyama tu. Muulize bwana mifugo: "Ndama wa dume huyu huzaliwa kwa urahisi?"

Tatu, tusimnyime mtamba chakula ili ndama awe mdogo. Mtamba mwenye njaa hukosa nguvu ya kusukuma.

Nne, chupa ya maji ikipasuka, na saa mbili zikapita bila ndama kuonekana, tumwite bwana mifugo. Tusimvute ndama kwa nguvu.

Wengine watasema Boran ni mdogo. Si kweli. Dume mzima wa Boran hupita kilo 500. Ndama wake huzaliwa mdogo, kisha hukua kwa maziwa ya mama yake na majani mazuri.

Ndugu zangu, ndama mdogo aliye hai atakua. Ndama mkubwa aliyekufa hana mnunuzi. Tuchague dume kwa kumtazama mtamba wetu, siyo kwa kumtazama dume wa jirani.